Siku Niliposukuma Kiti Kitupu Hadi Kanisani

Marahaba, marahaba. Najua hamjaniamkia bado, lakini salamu za vijana wa siku hizi huchelewa njiani kuliko lori la mahindi wakati wa masika, kwa hiyo mimi huitikia mapema tusije tukapotezeana muda.

Jina langu ni Ngonyani. Nimeendesha malori kati ya Songea na Makambako, na mara nyingine mbele ya hapo, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi mpaka zilipokwisha kabisa. Barabarani waliniita Mwendopole. Nilipewa jina hilo kwa dharau, nikalivaa kwa fahari, na wengi walionipita wakinipigia honi za kejeli niliwakuta mbele wamelala mtaroni, nikawapa chai. Sasa nimestaafu. Nakaa Matogoro, nyumba ya juu ya mteremko, pamoja na mke wangu Desderia. Tuna watoto wawili: Imelda, mwalimu hapahapa mjini, na mdogo wake Longinus, aliyehamia Dar es Salaam.

Ninyi mnaoendesha malori ya makaa ya mawe yenye taa kama mji mzima mliniomba niwaandikie habari za barabara ya zamani. Nitawaandikia. Lakini baadhi yenu mna mama au baba mgonjwa nyumbani, nawajua, nawaona dukani mnanunua nepi za watu wazima huku mnaangalia pembeni. Msiangalie pembeni. Nimenunua hizo nepi mpaka muuza duka akawa ananiwekea kabla sijafika. Kwa hiyo mkiona naacha habari za gia naingia habari za uji, vumilieni, kwangu mimi ni kazi ileile.

Nianze na mwalimu wangu, Mzee Athumani wa Lusewa, Mungu amrehemu. Alikuwa Myao, mtu wa swala tano, na katika miaka yote niliyokuwa utingo wake sikumsikia akitukana mtu wala gari. Na gari lenyewe lilistahili. Lilikuwa likiwashwa kwa hendeli, na hendeli ile ilikuwa na tabia ya kurudi kwa ghafla na kukupiga mkononi. Ukiona utingo wa zamani ana kidole kilichopinda, usimwulize alipigana na nani.

Tulipokaribia mlima Lukumburu kwa mara ya kwanza, aliniuliza, "Mlima huu gari linapanda na gia gani?"

Nikajibu, "Ya pili, mzee."

"Basi na kuteremka utateremka na hiyohiyo. Breki ni za kusimamia, mwanangu, si za kuteremkia."

Hilo ni somo la kwanza. La pili lilikuwa la mkono. Kila tukimaliza mteremko tulisimama pahali tambarare. Mimi niliruka na kuweka jiwe nyuma ya tairi, kisha tulilizunguka gari tukigusa kile kitovu cha gurudumu ambacho mafundi wanakiita habu. Tuligusa kwa mgongo wa mkono. "Kiganja kimezoea moto," alisema, "kitakudanganya. Mgongo wa mkono hausemi uongo." Akikuta pamepoa alisema, "Baridi. Twende." Akikuta pamechemka alisema, "Moto. Tukae." Tulikaa kweli, hata tajiri mwenye gari awe anasubiri Makambako huku anatafuna ndevu. Mzee Athumani alitandika mkeka wake, akaswali ikiwa ni wakati, kisha tukachemsha chai. Mimi kijana nilikuwa naona tunachelewa bure.

Desderia aliijua kazi hiyo. Tulipooana alisema anataka kuona huko ninakokwenda kila siku ni wapi, asije akaambiwa na watu. Nikampakia kabini. Tulipoteremka Lukumburu nikasimama, naye akaruka chini kabla ya utingo wangu, akauliza ninagusa nini. Nikamwonyesha. Yeye kwa haraka zake akagusa kwa kiganja, akapiga kelele, akakiloweka kiganja kwenye debe la maji ya rejeta huku anacheka. Halafu akasema, "Upande wa kulia wako. Wa kushoto niachie mimi."

Tangu siku hiyo kila tulipokuwa safari moja upande wa kushoto ulikuwa wake. Baadaye akiwa na Imelda mgongoni alikuwa akizunguka gari lile anagusa na kutangaza, "Baridi!" kwa sauti ya kwaya, maana alikuwa mwimbaji, sauti ya kwanza, parokia nzima inamjua. Utingo wangu alikuwa hana kazi siku hizo, anakula karanga tu.

Kiharusi kilimpata akiwa uani anapepeta maharage. Ungo ulianguka, nikasikia, nikatoka nikidhani ni kuku. Sitawasimulia hospitali, hospitali mnazijua. Alirudi nyumbani mkono na mguu wa kulia vikiwa havimsikii, na maneno yamemkimbia. Yalibaki "ndiyo", "hapana", na machache mengine ya kuokoteza. Lakini nyimbo zilibaki zote! Mtu ambaye hawezi kuomba maji alikuwa anaimba wimbo wa kanisani mwanzo mpaka mwisho, na maneno yake yote yamo. Yule binti wa mazoezi pale hospitalini alituambia hilo huwatokea wengi, kwamba nyimbo zinakaa chumba kingine kichwani. Nilimshukuru Mungu kwa chumba hicho.

Nikaishika kazi ya kumtunza kama nilivyokuwa nikishika gari jipya. Nilijifunza kila kitu, na mimi nikijifunza kitu nakijua. Blauzi inavalishwa kwanza mkono mgonjwa, na wakati wa kuvua mkono huo unakuwa wa mwisho. Ukifanya kinyume mtapigana na blauzi hiyo mpaka mchana. Kitandani anageuzwa mara kwa mara hata kama amelala vizuri, ngozi isije ikachubuka. Uji unapimwa joto kwa mgongo wa mkono, hapo Mzee Athumani alinisaidia. Kiti chake cha magurudumu nilikipeleka kwa fundi baiskeli, nikamwambia Matogoro si Dar es Salaam, huku kuna milima, nifungie breki. Akafunga breki ya baiskeli, nami nikaongeza honi. Desderia aliipenda honi ile kupita kiasi. Na kila niliposimamisha kiti, hata sebuleni kwenye sakafu ya saruji, niliweka jiwe nyuma ya gurudumu. Wageni walicheka. Wacheke, mimi jiwe niliweka.

Kosa langu lilikuwa la kidereva, na ndiyo maana nawaandikia ninyi. Mnajua deiwaka, yule dereva anayelishika gari kwa siku moja ili mwenyewe apumzike. Mimi katika maisha yangu yote sikuwahi kumpa deiwaka gari langu. Deiwaka anasogeza kiti, anakwangua gia, anakuachia maganda ya machungwa chini ya pedali. Basi na mke wangu sikumpa mtu. Imelda alikuja kupika uji, nikasema mwepesi mno. Kina mama wa jumuiya walikuja kumtandikia, wakaondoka, nikatandua nikatandika upya. Kuna mmoja alirudi kuchukua khanga yake aliyoisahau, akanikuta katikati ya kazi hiyo, akaichukua khanga yake na hakurudi tena.

Na kulikuwa na jambo jingine, zito zaidi. Longinus alinipigia simu akasema, "Baba, siku ukichoka sema. Nitakuja nimchukue mama akae kwangu." Alisema kwa mapenzi, mtoto wangu hana baya. Lakini mimi nilisikia nitanyang'anywa. Desderia na Dar es Salaam wapi na wapi? Ghorofani, kwenye joto, bila kwaya yake, bila mlima wa kuangalia asubuhi, na mimi nimebaki Matogoro na honi. Kwa hiyo nikaapa kwamba hakuna atakayeniona nimechoka.

Kuficha uchovu tunakujua sisi madereva. Zamani tajiri akikuona unasinzia gari anampa mwingine, kwa hiyo tulitafuna buni mbichi za Mbinga, tukatafuna pilipili, tukajimwagia maji ya baridi ya Njombe mpaka meno yakagongana. Nikayarudia yote hayo uzeeni. Nikitembelewa nilinawa uso, nikatoka nje na tabasamu.

Lakini mwili hauna siri. Niliweka chumvi kwenye chai, nikainywa yote nikishangaa sukari ya siku hizi. Niliitafuta miwani wakati imo puani. Salamu za watu zilianza kunichosha, mimi niliyekuwa nasimamisha lori kumsalimu mtu nisiyemjua. Siku moja kijiko kilianguka, nikasimama nikakiangalia kijiko kile sakafuni, na machozi yakanitoka. Nilikuwa na hasira na kijiko kana kwamba kilikuwa kinanidai.

Siku hizo Desderia alikuwa na jambo lake. Nikimwinamia kumlisha au kumfunika aliunyanyua mkono wake mzima, wa kushoto, akaniwekea shavuni, mgongo wa mkono, akaniangalia machoni. Mimi nikasema moyoni, mke wangu ananibembeleza. Nilimwambia, "Ahsante, Mama Imelda," nikaurudisha mkono wake chini ya blanketi, nikaendelea na kazi.

Sasa Jumapili yenyewe. Ilikuwa majira ya baridi, upepo wa Matogoro unakata masikio. Nilimvalisha kitenge kile cha kina mama wa parokia, nikamkalisha kitandani. Nikatoa kiti nje kukiandaa: nikaweka jiwe, nikapanga mto, juu yake blanketi zito nimelikunja tayari kumfunika, juu ya blanketi nikaweka mkoba wake na mwavuli. Nikarudi ndani kuchukua kofia yangu. Nikatoka na kofia. Nikaondoa jiwe, nikakamata mikono ya kiti, nikaanza safari.

Nilikwenda vizuri sana siku hiyo. Niliwaza, leo Mungu amenipa nguvu za ujana, kiti chepesi hata breki sihangaiki nayo. Nikawa nazungumza naye, kama kawaida yangu. Nikamsimulia bei ya mbolea. Nikamlaumu mwenyekiti wa mtaa kuhusu mtaro. Hakujibu, lakini yeye siku nyingi hakuwa anajibu. Jirani mmoja akaniamkia kwa mbali, "Shikamoo mzee! Mama hajambo?"

"Marahaba! Hajambo, huyu hapa tunakwenda naye!"

Pale kanisani kuna ngazi. Wazee wa kanisa waliokuwa mlangoni, watu wenye nguvu na heshima, wakaja mbio kama wanavyofanya kila Jumapili, macho yao kwenye ngazi. Kila mmoja akakamata upande wake, wakahesabu pamoja, wakanyanyua kwa nguvu ya kumnyanyua mtu mzima aliyeshiba. Kiti kikapaa. Kilipaa, jamani, mpaka mmoja wao akaenda nacho nyuma akakalia maua. Mwavuli ukaanguka. Katekista akafunua blanketi taratibu, akaangalia chini ya mto, akaniangalia mimi.

"Mzee Ngonyani," akasema kwa upole, "mama yuko wapi?"

Sijui niliupandaje ule mlima. Nilifika nyumbani roho iko mdomoni. Desderia alikuwa palepale kitandani, amekaa na kitenge chake, anaimba wimbo wa kuingilia misa kwa sauti kamili, kama mtu aliyekwishafika kanisani zamani na sisi ndio tumechelewa. Aliponiona nahema mlangoni na kofia yangu imegeuka, aliukatiza wimbo akaanza kucheka. Ni kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu ungo ulipoanguka. Nikakaa sakafuni, nikacheka naye, kisha nikalia, kisha tukacheka tena. Nilikuwa na furaha na aibu na uchovu vyote kwa pamoja, na sikujua kipi nikishughulikie kwanza.

Songea si mji mkubwa. Mchana Imelda alikuwa ameshafika.

"Dadi," akaniita, maana ndivyo tunavyomwita baba kwa Kingoni, na Imelda akitumia Kingoni ujue jambo ni kubwa. "Nimempigia Longinus. Anakuja kumchukua mama."

"Kwani nani amesema nimechoka? Mimi sijachoka hata kido..."

Nasikia sentensi ile sikuimaliza. Nasikia nililala nikiwa nimekaa, mdomo wazi, na Imelda akanivua kofia.

Sasa niwaambie habari za watani, kwa sababu kuna vijana wanadhani utani ni kutumiana vichekesho kwenye simu. Sisi Wangoni na Wahehe babu zetu walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakaona ni afadhali kuchekana. Tangu hapo Mhehe ana haki kwangu ambayo hata ndugu yangu hana. Anaweza kuniambia lolote. Anaweza kuingia kwangu akachukua kitu, na mimi sina ruhusa ya kukasirika. Kama nakitaka, nakikomboa kwa atakachotaja. Ukimkasirikia mtani umejiaibisha mwenyewe.

Mtani wangu ni Kihwele, dereva mwenzangu wa njia hiyohiyo ya Makambako. Alioa huku Songea akastaafu hukuhuku, na mimi humwambia alikimbilia kwetu kwa sababu mbwa kwao wamekwisha kwa kuliwa. Yeye hunijibu kwamba amekuja kuhesabu kama panya wa Ungoni wamebaki. Ndiyo salamu zetu, halafu ndiyo "Kamwene" ya Kihehe inafuata.

Siku chache baada ya ile Jumapili nilikuwa jikoni nakoroga uji, nikasikia vilio getini. Kilio cha msiba kabisa. "Oooo, Mwendopole wetu! Ametutoka! Nani atatuchelewesha tena barabarani!" Majirani wakatoka mbio, wanawake wanafunga khanga kiunoni. Nami nikatoka na mwiko mkononi kuona kafa nani.

Alikuwa Kihwele, na mke wake, na Wahehe wengine wa mtaa wa chini. Wameshatandika majamvi uani kwangu. Mke wa Kihwele amejifunga kitambaa kichwani, analia bila chozi hata moja.

"Mnamlilia nani?" nikauliza.

"Nyamaza, marehemu," Kihwele akasema. "Maiti haihoji waombolezaji."

Majirani walipoelewa wakakaa kwenye majamvi wakishika mbavu. Imelda akamtoa mama yake barazani aone. Kihwele akasimama, akavua kofia, akasoma wasifu wa marehemu kutoka kichwani. "Marehemu aliendesha malori maisha yake yote, lakini hakujua tofauti ya gari lenye mzigo na gari tupu. Alilipeleka blanketi misani, likasali vizuri. Ameacha mjane, honi na jiwe. Chanzo cha kifo ni kijiko." Hapo Desderia alicheka mpaka machozi, akapiga honi. Nikajua Imelda ndiye aliyewasimulia habari za kijiko, na kumbe aliniona siku ile kutoka dirishani.

Nilicheka pia, ningefanya nini? Kihwele akanisogelea. Bado alikuwa anatabasamu, ila sauti aliishusha.

"Mtani, nisikilize. Unajificha ili wasimchukue huyu mama. Siku ukianguka kweli watamchukua kesho yake, na hutakuwepo wa kubisha. Wewe ulijua kulipumzisha lori. Mwenyewe unalala lini?"

Naye, kabla sijajikusanya, akapita nyuma ya kiti cha Desderia, akakishika mikono yote miwili.

"Hiki nimekiteka!" akatangaza. "Mashahidi mpo."

"Kihwele, hicho kiti..."

"Kikomboe."

"Nikikomboe kwa nini? Nina jogoo."

"Jogoo wako amekonda kama wewe. Nataka usingizi. Ingia ndani, lala mpaka jua lipungue, utakikuta hapahapa. Kesho nitakiteka tena."

Nilijaribu kueleza kwamba breki inavuta kushoto, kwamba blauzi inaanzia mkono mgonjwa, kwamba uji usiwe mwepesi. Mke wa Kihwele akanikatiza: "Shemeji, kwani mama mwenyewe hayupo? Tutamwuliza."

Jamani. Mimi sikuwa nimefikiria hilo. Nilijifunza kazi yote ile kwa daktari, kwa binti wa mazoezi, kwa kila mtu, isipokuwa kumwuliza Desderia.

Nikaingia ndani, nikalala mchana kweupe, huku Wahehe wakiniimbia nyimbo za mazishi dirishani. Nilipoamka jua lilikuwa linapungua. Nikatoka polepole nikiogopa nitakachokuta. Kina mama wa jumuiya walikuwa wamezunguka rundo la mahindi wanapukuchua, hata yule wa khanga alikuwepo, na Desderia katikati yao anapukuchua kwa mkono wa kushoto, gunzi amelibana magotini, anaongoza wimbo. Pembeni yake bakuli la uji wa Imelda, ule mwepesi, limekwisha mpaka chini. Nikamwuliza, "Uji huu unaupenda?" Akasema, "Ndiyo!" kwa nguvu sana. Kumbe wangu mzito alikuwa anaumeza kwa heshima ya ndoa.

Tangu hapo nikawa na madeiwaka. Siku za soko huja mke wa Kihwele, mchana baada ya shule huja Imelda, siku ya sala za jumuiya nyumba ni yao na mimi nafukuzwa. Kihwele mwenyewe hushika zamu ninapokwenda kwenye shamba langu Mpitimbi. Mara ya kwanza nilipokwenda nilimpigia simu kila baada ya tuta moja, mpaka akapokea na kusema kwa sauti ya kike, "Mteja unayempigia amelala, jaribu kulima," akazima. Nikalima. Nikakaa kwenye kivuli na watu wa huko, tukanywa togwa, nikasimuliwa ugomvi wa mipaka ambao haunihusu, na nilifurahi sana kusikia ugomvi usionihusu. Nikirudi nyumbani nilikuwa namkumbuka mke wangu. Kabla ya hapo sikuwa nimepata nafasi ya kumkumbuka.

Kijana, ukimtunza mtu, usinijibu kwamba wewe huna Mhehe. Kila mtu ana wake wa kumtekea kiti. Tatizo ni kwamba umemfungia mlango, kama nilivyomfungia yule mama wa khanga. Na mtu akikusaidia vibaya, acha iwe vibaya. Blanketi lililotandikwa upande linafunika.

Longinus akafika. Alikuja na gari la kukodi limelazwa viti vya nyuma, limewekwa mito, kila kitu tayari. Alinikumbatia muda mrefu. Tukakaa barazani, mimi, Imelda, Kihwele na mke wake, na hakuna aliyefanya utani, hata Kihwele. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa Lukumburu masika, lakini nilikuwa nimeamua nisiseme neno. Nilishamsemea vya kutosha.

Longinus akachuchumaa mbele ya kiti. "Mama, tunakupenda. Baba amezeeka, amechoka. Twende tukakae kwangu?"

Desderia alimwangalia mtoto wake kwa upendo, akampapasa kichwa. Kisha akanigeukia mimi, akaninyooshea mkono wake wa kushoto. Nikainama. Akaniwekea mgongo wa mkono shavuni. Hakuuondoa haraka; akausogeza mpaka kwenye paji la uso, akautuliza hapo, macho amefumba kidogo, kama alivyokuwa akifanya pale chini ya mlima na Imelda mgongoni. Na mimi mjinga mkubwa ndipo nikaelewa. Zile siku zote nilipoudaka mkono wake nikaurudisha chini ya blanketi, hakuwa ananibembeleza. Alikuwa anapima. Alikuwa anakuta moto, ananiambia tukae, na mimi nasema ahsante Mama Imelda, naendelea kuteremka.

Alifumbua macho.

"Baridi," akasema. Halafu akatafuta neno jingine, tukamwona analitafuta, midomo inahangaika, akalipata. "Twende."

Longinus hakuelewa, yeye alizaliwa zama za lami. Imelda alielewa, akajifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika. Mimi sikuweza hata kulia vizuri kwa furaha. Desderia alikuwa ananyoosha kidole, na hakukinyoosha kwenye gari la kukodi. Alikielekeza chini ya mteremko, kanisani, maana ilikuwa siku ya mazoezi ya kwaya na saa ilikuwa imefika.

Longinus ameshachukua zamu yake siku hizi; likizo zake huja kutushikia usukani, na gari la kukodi lilirudi Dar es Salaam na mahindi. Lakini jioni ile nilimwambia jambo moja tu, kwamba leo anasukuma yeye. Nikainama nikaondoa jiwe. Akakamata kiti, na mimi nikatembea pembeni, upande wa kulia, mikono mitupu, sijui niiweke wapi. Tulipofika getini Desderia akapiga honi.

"Subiri," Kihwele akapaza sauti kutoka barazani. "Longinus! Funua kwanza hilo blanketi uhakikishe mtu yumo!"

Longinus akafunua. Alikuwemo, anacheka.